Kahawa Ipandayo na Kushuka

Aonaye chombo hiki mara ya kwanza hudhani ni mazingaombwe. Chupa mbili za mviringo zimepandana: katika ile ya chini yamo maji, katika ile ya juu kahawa iliyosagwa, na katikati mrija wenye kichujio. Taa ya spiriti yawashwa chini. Punde maji yapanda juu bila mkono wa mtu! Moto ukiondolewa, kahawa yashuka kwa haraka, safi, haina machicha.

Wanafunzi tukiwauliza sababu, hujibu kwamba utupu umeivuta. Sivyo. Utupu hauna mikono. Maji yakipata moto, mvuke huongezeka. Nao, ukikosa njia ya kutokea, huyakandamiza maji mpaka yapande katika mrija. Chupa ikipoa, mvuke hurudi kuwa matone, na nafasi yake hubaki karibu tupu. Basi hewa ya nje huisukuma kahawa kushuka. Hewa hiyo, tusiyoihisi, pwani ya bahari hulemea kila sentimeta mraba kwa uzito wa kilo 1 hivi. Kando ya ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya bahari, uzito huo ni pungufu. Ndiyo maana huko maji huchemka kwenye digrii 95 tu. Hata hivyo chombo hufanya kazi yake vema, na arabika ya kisiwa cha Idjwi yastahili kupikwa hivyo.

Chombo cha namna hii kilijulikana Berlin katika miaka ya 1830. Kisha, katika miaka ya 1840, mama mmoja wa Lyon, Ufaransa, aitwaye Madame Vassieux, alikifanya kizuri zaidi, chenye fremu ya chuma. Lakini vioo vya siku zile vilipasuka upesi. Kioo kivumiliacho moto, kiitwacho Pyrex, kilianza kuuzwa mwaka 1915. Huko Japani migahawa hukitumia hata leo mbele ya wageni.

Kahawa isagwe kwa kiasi: ikiwa laini mno huziba kichujio, nayo haishuki. Maji yasiishe kabisa chini moto ukiwaka, maana hata kioo kigumu chaweza kupasuka. Wala mtoto asiing'oe chupa ya juu kabla kahawa haijashuka. Maji hayo huunguza vibaya sana.