Kwa nini kompyuta huchelewa inapotafuta virusi?



Watoto wengi huizima programu ya kuzuia virusi kwa sababu ikianza kukagua kompyuta, kazi za shule hazifanyiki tena. Kero hiyo ni ya kweli, lakini kuizima si dawa. Mara nyingi kompyuta hiyo hiyo ndiyo mzazi anayolipia bili, na ndimo zilimo picha za bibi na babu. Tutazame kwanza chanzo cha uchelewaji.

Programu hii hufungua mafaili moja moja na kutafuta alama za virusi vinavyojulikana. Kompyuta ya nyumbani huweza kuwa na mafaili laki kadhaa, na yote yanakaa kwenye diski.

Diski ya aina ya zamani, HDD, ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaosogea juu yake. Kulifikia faili moja huchukua kama milisekunde 10. SSD haina kitu kinachozunguka. Hulifikia faili kwa takriban milisekunde 0.1.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Kumpima mgonjwa joto ni kazi ya muda mfupi, lakini wagonjwa wakiwa vyumba mbalimbali, muda unaishia kwenye kutembea. HDD inatembea sana.

Watoto, chukueni kalamu. Tuseme kuna mafaili 200,000, na kila moja lazima litafutwe peke yake:

HDD: 200,000 × 10 = milisekunde 2,000,000, yaani sekunde 2,000. Ni zaidi ya dakika 33.
SSD: 200,000 × 0.1 = milisekunde 20,000, yaani sekunde 20.

Je, ukaguzi wote utaisha kwa sekunde 20? La. Huo ni muda wa kutafuta tu. Bado mafaili yasomwe, yachunguzwe, na yale yaliyobanwa yafunguliwe. Kazi hiyo ni ya prosesa. Ndiyo maana ukishatoka HDD kwenda SSD ya kawaida utaona tofauti kubwa, lakini ukiongeza pesa upate SSD ya kasi zaidi, ukaguzi hautapungua muda kwa kiasi kile kile. Wazazi, msishawishiwe kununua ya bei ghali kwa sababu hiyo peke yake.

Kabla ya kununua, hakikisheni kwamba diski ya kompyuta yenu inaweza kubadilishwa, kwani nyingine haibadilishiki. Nakilini picha na nyaraka mahali pengine kabla fundi hajaigusa.

Kama mtabaki na HDD, pangeni ukaguzi kamili ufanyike usiku, kompyuta ikiwa kwenye umeme. Mchana ukaguzi wa haraka unatosha, maana hupitia sehemu ambazo virusi hupenda kujificha. Pia msiweke programu mbili za kuzuia virusi zifanye kazi pamoja. Zitagombania diski moja.

Kazi ya nyumbani: watoto, tafuteni kompyuta ya nyumbani ina diski ya aina gani, kisha mwelezeni mzazi kwa Kiswahili kwa nini inachelewa au haichelewi. Tumieni maneno haya: diski, faili, kukagua, kasi, kunakili.