Tuangalie Uvunguni

Wenye magari visiwani mwetu wakutanapo gerejini, kilio chao ni kimoja: gari liliteremshwa bandarini kutoka Japani likimeremeta, na kabla ya miaka mingi kupita uvungu wake umeliwa na kutu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sababu zaeleweka. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, ndiyo maana magari yake yaliyotumika yanatufaa. Lakini katika sehemu zake za kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji. Gari lililotumika huko huweza kutufikia kutu ikiwa imekwisha anza. Nasi twaliongezea hewa ya bahari, na pengine kuliosha kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Jambo hili si la mapambo. Paipu ya breki ikitoboka, breki hupungua nguvu au hukatika kabisa, na anayedhurika si mwenye gari peke yake, bali pia abiria na mtoto aendaye chuoni.

Twawanasihi wanunuzi wadai picha za uvungu kabla ya kutuma fedha, wasiridhike na rangi wala tarakimu za kilomita, ambazo huweza kurudishwa nyuma. Kisha wauoshe uvungu kwa maji matamu na kuupaka dawa ya kuzuia kutu. Nao wakaguzi wa Serikali twawaomba wasiishie kwenye taa na honi. Wainame, watazame chini.