Kodi ya Nyumba Katika Simu

Mfanyakazi afikaye Kahama siku hizi haanzi tena kutafuta chumba kwa kupiga hodi Nyihogo na Majengo. Hufungua simu yake. Humo, katika makundi ya WhatsApp na Facebook, atakuta vyumba vya Malunga, Nyasubi na Mhongolo vimetandazwa kama vitenge sokoni, kila kimoja na bei yake. Hatulaumu jambo hilo. Mji huu umelelewa na dhahabu: mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, wa Buzwagi ukafuata mwaka 2009, na huo wa pili ukafikia ukomo wake mwaka 2021. Palipo na watu waingiao na kutoka namna hiyo, mgeni hajui bei ya jana, na asiyeijua hulipa ile aliyotajiwa.

Lakini bei iliyo katika simu ni bei iombwayo. Si ile wanayolipa majirani. Tena ni ya mwezi mmoja, hali mwenye nyumba ataka miezi sita kwa mkupuo na dalali ataka mwezi wake.

Na tupige hesabu. Chumba cha kwanza ni shilingi 60,000 kwa mwezi, malipo ya miezi sita, na dalali apewe 60,000. Mlangoni zatakiwa 420,000. Cha pili ni shilingi 70,000, malipo ya miezi mitatu, bila dalali. Mlangoni zatakiwa 210,000. Katika simu cha kwanza chaonekana rahisi. Baada ya miezi sita vyote viwili vimekula 420,000 sawasawa, ila cha pili hakikumpeleka mtu kukopa kabla ya mshahara wake wa kwanza. Hapo hatujagusa maji, wala Luku ya kuchangia na wapangaji wanne, mmoja wao mwenye jokofu.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na katika mapatano hushinda mwenye habari. Kwa hiyo twawasihi wafanyakazi wa kiwanda kimoja, au wa duka moja, waandikiane wenyewe: mtaa, idadi ya vyumba, kodi wanayolipa kweli, miezi waliyotakiwa kutanguliza. Orodha ya watu ishirini namna hiyo yapita picha mia za madalali, ambao wengine hutoza hata ada ya kukuonyesha nyumba iliyokwisha pangishwa.

Na fedha isitumwe kabla ya mtu kuingia chumbani, kumwona mwenye nyumba na kuwauliza wapangaji waliopo. Kuna na ule ujumbe wa mjanja ajifanyaye baba mwenye nyumba, aagizaye kodi itumwe kwa namba nyingine. Ujumbe huo usijibiwe. Upelekwe namba 15040, iliyowekwa kwa kupokea taarifa za utapeli wa simu.