Fahamu: Kupiga picha nebula kutoka uwanda wa Ufipa

Mwezi Julai, kuelekea saa sita usiku, Nebula ya Lagoon hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Sumbawanga kwenye uwanda huo, nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Mpenzi wa nyota aliyeko London huiona chini kabisa, kwenye vumbi na mvuke wa upeo wa macho.

Wingu hilo la haidrojeni hung'aa kwa wekundu wa nanomita 656, ambao kichujio cha kamera ya kawaida huuzuia kwa sehemu kubwa. Kamera ya astronomia haina kichujio hicho, na sensa yake hupozwa kwa umeme ili kupunguza chenga. Sensa ya milimita 36 kwa 24 hunasa eneo pana, ila darubini isiyotosheleza sensa hiyo huharibu nyota za pembeni mwa picha. Fedha zikibana, mimi ningeanza na stendi imara inayofuata nyota.

Kuilenga stendi hiyo kwenye ncha ya kusini ya anga ndiko kunakotesa: ncha hiyo iko nyuzi 8 tu juu ya upeo, kilima kidogo kinatosha kuificha. Halafu kuna moshi wa mbuga zinazochomwa mwishoni mwa kiangazi. Afadhali Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imekolea.