Karura wafungua milango

Jua halijapanda vizuri siku ya Jumamosi, lango la Msitu wa Karura lililo kando ya Barabara ya Limuru jijini Nairobi huwa limeshachangamka. Wakimbiaji wanatweta, akina mama wameshika vikapu vya chakula, watoto wanagombania baiskeli za kukodi. Mikoba inakaguliwa: chupa za plastiki za kutumia na kutupa hazipiti. Marufuku hiyo ilianza Juni 2020 katika maeneo yote ya hifadhi nchini Kenya, na mgeni asiye na habari huishia kuyabugia maji yake yote papo hapo langoni.

Kijana wa leo huona haya ni mambo ya kawaida. Wazazi wake wanaujua Karura mwingine. Miaka ya 1990 jina hilo lilitajwa pamoja na majambazi na maiti zilizotupwa vichakani, na raia wa kawaida hakuwa na haja ya kutia mguu humo. Msitu usio na macho ya watu ni rahisi kumegwa. Vipande vyake viligawiwa wajenzi binafsi kimyakimya, hadi mwaka 1998 habari zilipofichuka na mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la Green Belt Movement wakaingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na genge la walinzi wakiwa katika harakati za kupanda miti. Maathai alijeruhiwa kichwani, akaenda kituo cha polisi, akaitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, na Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Ushindi huo ulizuia majengo, hofu ilibaki.

Kilichowarudisha watu ni kazi isiyo na makuu, iliyoshika kasi kuanzia mwaka 2009, pale majirani waliojiunga katika Friends of Karura Forest walipoanza kuusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Ukazungushiwa uzio wa umeme, na malango yakawekwa walinzi. Wengi husifu uzio, lakini nyaya peke yake hazizuii mtu mwenye njaa. La maana zaidi ni kwamba wakazi wa Huruma, kijiji cha wanyonge kilichopakana na msitu, waliajiriwa kushika doria na kutunza njia. Waliokuwa wakionekana kama tishio ndio wakawa walinzi.

Ndani kuna zaidi ya hekta 1,000, njia za miguu na baiskeli za zaidi ya kilomita 50, maporomoko ya maji, na mapango yanayosimuliwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Mikaratusi iliyopandwa na wakoloni bado imesimama karibu na miti ya asili kama muhugu, ambao wachonga vinyago wanaujua kwa ugumu na harufu yake. Mwenye subira atazame juu: mbega, waliohamishiwa hapa kutoka Kipipiri kuanzia mwaka 2014, hukaa matawini wakitafuna majani, mikia yao myeupe ikining'inia. Hawana kidole gumba, na bado huruka mti hadi mti bila kukosea. Kima hawana ustaarabu huo. Ukiacha ndizi mkekani, imekwenda.

Hata hivyo, Karura umepakana na Muthaiga na Runda, mitaa ya wenye nacho. Familia ya mtaa wa kawaida kama Kayole hupanda matatu mbili kufika, kisha inalipa kiingilio cha kila kichwa. Ndiyo maana Uhuru Park, bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1969 katikati ya jiji, ina uzito wake. Huko nako Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 mwaka 1989, na ujenzi ukakwama. Mahali liliponuiwa kusimama pangali na nyasi na miti, na anayeshuka matatu katikati ya jiji hufika kwa miguu.