Kulinda Meno ya Watoto: Kazi ya Kaya, Shule na Kijiji

Mtoto anayeumwa jino hali vizuri, halali vizuri na hasikilizi somo darasani. Mara nyingi mzazi huanza kutafuta tiba wakati shavu limekwisha kuvimba na jino limetoboka, hata tiba inayobaki ikawa ni kuling'oa. Kwa kaya zilizo mbali na mji wa Kyela, safari hiyo huwa ngumu zaidi wakati wa masika, mito ya Kiwira na Mbaka inapojaa. Hata hivyo, kuoza kwa meno ni ugonjwa unaozuilika kwa gharama ndogo, jamii ikishirikiana. Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Jinsi jino linavyooza

Kinywani mna bakteria wanaojishikiza juu ya meno katika utando laini. Mtoto anapokula kitu chenye sukari, bakteria hao huigeuza sukari kuwa tindikali, nayo hulainisha tabaka gumu la nje la jino. Mate huweza kurekebisha madhara hayo yakipewa muda. Kwa hiyo, mtoto anayelamba pipi au kunywa soda kidogo kidogo kutwa nzima hudhurika zaidi kuliko anayekula kitu kitamu mara moja, pamoja na mlo. Chai yenye sukari nyingi, biskuti na juisi za pakiti nazo zina madhara hayo hayo.

Wazazi wengi hudhani meno ya utoto hayana thamani kwa kuwa yatang'oka. Meno hayo 20 humsaidia mtoto kutafuna na kutamka maneno, tena huyatunzia nafasi meno ya kudumu. Aidha, mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, magego ya kwanza ya kudumu huota nyuma ya meno ya utoto pasipo jino lolote kung'oka. Mzazi asiyelijua hilo huyahesabu kuwa ya utoto na kuyaacha yaoze, ilhali hayana mbadala.

Hatari ya kung'oa "meno ya plastiki"

Katika sehemu mbalimbali za Tanzania ipo imani kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga husababishwa na "meno ya plastiki", yaitwayo pia "meno ya nailoni". Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye fizi ni jino changa ambalo halijaota. Kulichokonoa kwa kifaa kisicho safi huleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi na hata kifo, na huweza kuharibu jino la kudumu lililo chini yake. Wakati huo huo, ugonjwa wenyewe, ambao huweza kuwa malaria, nimonia au kuharisha, huendelea bila tiba. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Yanayoweza kufanywa na jamii

Katika kaya, usafi wa kinywa uanze jino la kwanza linapoota, kwa kawaida mtoto akiwa na umri wa miezi 6 hivi. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Baada ya hapo ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Kila mtoto awe na mswaki wake, na mtu mzima amsimamie.

Shuleni, kamati ya shule na wazazi wanaweza kukubaliana juu ya muda wa kupiga mswaki kwa pamoja, hasa kwa darasa la awali na la kwanza. Kuwafukuza akina mama wanaouza pipi langoni kutawanyima kipato bila kuondoa tatizo. Yafaa wakae na uongozi wa shule wakubaliane kuuza ndizi, maembe, karanga au muhogo, vyakula vinavyopatikana kwa wingi Kyela.

Kijijini, ajenda ya afya ya kinywa iingizwe katika mkutano wa kijiji, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wayatazame meno ya watoto wanapozitembelea kaya.

Tiba isingoje maumivu

Doa jeupe au la kahawia kwenye jino ni ishara ya kumwona mtaalamu mapema. Tundu dogo huweza kuzibwa kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo hutumika katika nchi nyingi. Mzazi aanzie zahanati iliyo karibu, ambako atapewa ushauri au rufaa. Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto walio chini ya umri wa miaka 5 wamesamehewa malipo katika vituo vya Serikali.