Nyumba ya udongo na kibali cha ujenzi: Anza kwa kupima udongo

MFANYABIASHARA mwenye kiwanja Bunda mjini au Manispaa ya Musoma akisema atajenga kwa udongo, wengi humwambia hatapata kibali. Imani hiyo ina gharama. Wapo wanaodunduliza fedha za saruji miaka na miaka, na wapo wanaojenga kimyakimya hadi ukuta unapochorwa X nyekundu.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliligusa jambo hili mwaka 1977 alipotathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha. Aliwalaumu wananchi waliokataa tofali za kuchoma na vigae wakisubiri saruji na mabati.

Mhandisi anachohitaji ni uthibitisho kwamba nyumba itasimama. Ana sababu: tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera liliua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi zenye kuta dhaifu.

Njia nyepesi ni tofali za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukizihimiza. Kwa kawaida ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 12 hadi 18 za udongo.

Pima kwanza. Jaza udongo uliolowa kwenye kisanduku cha urefu wa sentimeta 60, upana na kina sentimeta 4, kisha uache ukauke. Ukisinyaa sana, unahitaji mchanga au saruji zaidi. Udongo mweusi wa mbuga haufai. Hutanuka masika na kupasuka kiangazi. Tofali zimwagiliwe maji kivulini angalau siku 7, kisha chache zipelekwe maabara kupimwa nguvu.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini kabla ya kujenga katika eneo la mipango. Peleka halmashauri maombi, uthibitisho wa umiliki, ramani na majibu ya maabara. Ramani ionyeshe msingi wa mawe, kizuizi cha unyevu, mkanda wa zege juu ya kuta na paa lililotokeza nje kuzikinga na mvua. Muone mhandisi wa halmashauri mapema, kabla mchoraji hajamaliza kazi, usije ukalipia ramani mara mbili.

Mkulima wa kijijini Butiama aanzie serikali ya kijiji, aulize kama eneo lake limetangazwa kuwa la mipango. Kama limetangazwa, naye aombe kibali.

Piga hesabu kabla ya kufyatua tofali la kwanza. Ramani, vipimo na ada hulipwa mara moja. Nyumba ikibomolewa, hupotea tofali, ufundi na miezi ya jasho.